Gari la Misioni Lilipogoma Usiku

Ninyi mnaokaa vijijini kama mimi mnajua jinsi motokaa moja inavyoweza kuwa mali ya watu wengi. Yetu ni Land Cruiser ya zamani itumiayo dizeli. Padre huiendea vigangoni, lakini hubeba pia mahindi, maiti na wagonjwa. Mimi ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu, si ufundi, ila leseni ya udereva ninayo. Nawasimulieni habari ya usiku mmoja wa Februari mwaka jana, maana huenda nanyi siku moja mkasimama mbele ya gari lisilotaka kuwaka.

Saa tano ya usiku walibisha hodi. Walikuwa wamembeba mama mmoja kwa machela, uchungu umemshika tangu asubuhi ya jana yake, na mkunga wa zahanati amesema apelekwe hospitali upesi. Hospitali ni mwendo wa kilomita 40 na zaidi. Padre alikuwa kigangoni kwa pikipiki, dereva yuko likizo. Nikachukua ufunguo.

Stata ilizungusha injini vizuri, lakini injini haikuwaka. Nikarudia. Nikarudia tena, kila mara kwa muda mrefu zaidi, kama mtu amwitaye kiziwi kwa kupaza sauti. Taa zikaanza kufifia. Ndipo akafika mzee mmoja jirani yetu, aliyeendesha malori miaka mingi, ana blanketi begani.

"Karani, acha! Wataka kuimaliza na betri?" Kisha akaniuliza, "Moshi umeuona?"

Sikumwelewa.

"Mwanangu, injini ya dizeli haina plagi za cheche. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Ikiwa yazunguka kwa nguvu hivi, wala bomba la nyuma halitoi moshi hata kidogo, basi chakula hakifiki. Tufuate njia yake toka tangini."

Kijana mmoja akaleta koroboi atumulikie. Mzee alimfukuza kwa maneno nisiyoweza kuyaandika katika gazeti hili. Tukatumia tochi ya simu.

Dizeli tangini ilikuwapo. Mzee akalegeza koki iliyo chini ya chujio, akakinga bilauri. Wasomaji, niliona aibu. Chini ya bilauri palikaa maji, na dizeli inaelea juu yake. Wiki ile nilikuwa nimenunua dizeli ya dumu kando ya barabara, kwa bei nafuu kuliko ya kituoni, nikajiona mjanja wa hesabu. Mzee hakuuliza imetoka wapi. Yule mama alikuwa akiugua pale barazani, na mama mkwe wake amempakata kichwa, akinitazama bila kusema neno.

Tuliyamwaga maji mpaka ikatoka dizeli tupu, tukafunga. Juu ya chujio pana pampu ndogo ya kubonyeza kwa kiganja. Nikaibonyeza, ikawa laini tu, kama mkate. Mzee akasema bado inavuta hewa. Hapo ndipo wengi hudanganyika, maana hutafuta panapovuja, na hapavuji kitu. Katika gari la namna hii, dizeli huvutwa toka tangini. Mpira ukipasuka, badala ya kumwaga dizeli nje hunywa hewa ndani. Na hewa husinyaa ikisukumwa, kwa hiyo pampu ya injini hufanya kazi bure. Mzee aliupapasa mpira kwa vidole mpaka akaupata ufa karibu na klipu. Akakata ncha ile kwa kisu, akauchomeka tena, akakaza.

Nikabonyeza mara thelathini, labda arobaini, mpaka pampu ikawa ngumu. Akalegeza kidogo nati za mirija iendayo kwenye nozeli, akazifunika kitambaa, akasogea pembeni, akaniambia nizungushe, nisipite sekunde 10. (Uso na mikono viwe mbali hapo, dizeli hutoka kwa nguvu iwezayo kupenya ngozi.) Likatoka povu, kisha dizeli safi. Akakaza nati. Betri ilibaki na nguvu kidogo sana. Nikangoja taa ya kupasha joto izime, nikawasha. Injini ikakohoa, ukatoka moshi mweupe, ikanguruma.

Tulifika hospitali yapata saa tisa. Mtoto alitolewa kwa upasuaji kabla ya mapambazuko, wa kike, na mama yake yu mzima.

Siku hizi nikilazimika kununua dizeli ya dumu, naliacha dumu litulie usiku kucha, na ile ya chini kabisa siimimini tangini. Msidhani kitambaa kitawasaidia; huzuia mchanga, maji hupita.

Padre aliporudi nilimweleza yote, na habari ya dumu pia. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza niliokoa shilingi ngapi. Nikamtajia. Akasema zinatosha kununua mpira mpya, niende kesho yake nikaununue mwenyewe, na kwa baiskeli.