Safari ya Manyatta na Simu ya Mama



Safari zetu watu wa pwani aghalabu hufuata bahari. Twenda Lamu kwa Maulidi, Malindi kwa mazishi, Tanga kwa harusi. Mara hii tulipanda bara hadi Manyatta, katika kaunti ya Embu, chini ya Mlima Kenya, kutimiza ahadi tuliyompa sahibu yetu mmoja anayefanya kazi Doha. Sahibu huyu ni mzaliwa wa huko. Alishuka Mombasa akiwa kijana kutafuta kazi bandarini, akasilimu, akawa haikosi darsa yetu ya baada ya Magharibi kwa miaka mingi. Mamake yungali hai, ni mzee, amebaki katika dini yake ya Kikristo, na anaishi peke yake. Mwanawe hamsahau hata siku moja, na hilo ndilo tulilomfundisha, kwani Suratu Luqman imetuamrisha kukaa na wazazi kwa wema hata wanapotofautiana nasi katika imani.

Alitupigia simu akasema, “Sheikh, nimemnunulia mama simu janja mbili na zote hazitumii. Akiugua usiku nami niko mbali, nifanye nini? Ukipata nafasi nenda ukamfundishe kuita gari kwa simu.” Tukamjibu kwamba tutakwenda, inshallah.

Tuliondoka Mji wa Kale baada ya sala ya Alfajiri kwa gari tuliloliita kwa njia hiyo hiyo. Msomaji kijana hataona ajabu yoyote, lakini sisi tulikulia katika zama za teksi zenye mstari wa manjano ubavuni, ambapo abiria na dereva walikuwa na shughuli ya kupatana bei kabla ya kufungua mlango. Uber ilianza Nairobi mwaka 2015 na kufika Mombasa mwaka uliofuata. Katika mwaka huo wa 2016 kampuni ya Craft Silicon ya hapa Kenya, ikishirikiana na Safaricom, ilianzisha Little. Na Taxify, ambayo tangu 2019 inaitwa Bolt, nayo ikaingia nchini. Madereva wa teksi walilalamika, na huko Nairobi yapo magari yaliyochomwa moto kwa hasira za ushindani. Hasira zikapoa, watu wakahama. Sisi pia tulihama, na hilo tutalirudia mwishoni, kwa kuwa ndilo lililotusukuma kuandika.

Kwa mwanafunzi wa fiqhi mabadiliko haya yana sura njema. Tulipofika mlango wa ijara tulisomeshwa kwamba ujira sharti ujulikane na manufaa yanayokodiwa yajulikane, ili pasiwe na ghururi wala ugomvi. Maneno ya “twende tu, tutaelewana mbele” yamevunja undugu wa watu wengi. Simu humwonyesha abiria bei, jina la dereva na nambari ya gari kabla hajainua mguu. Bei ikipanda kwa sababu ya mvua, aliyekubali amekubali kwa kujua. Wala haki si ya abiria peke yake. Kanuni za serikali za mwaka 2022 zimeyawekea makampuni haya mpaka, yasimkate dereva zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Dereva anayekuomba uifute safari kwenye simu ili umlipe mkononi yuko katika dhiki, lakini anakuita katika khiyana, na nyote wawili mnapoteza kumbukumbu ya kwamba mlikuwa pamoja.

Gari likatufikisha Miritini, treni ikatufikisha Syokimau, na matatu ya Embu ikatutoa Nairobi kwa barabara ya Thika. Baada ya Makutano tuliingia Mwea, ambako mashamba ya mpunga yametandazwa pande zote mbili za barabara. Mchele wa pishori tunaoupikia pilau nyumbani kwetu hutoka hapo, na pengine ni wachache kati yetu waliowahi kuuona ukiwa majani mabichi ndani ya maji. Jioni tukaingia Embu, tukaswali kwa kukusanya na kupunguza, tukalala.

Jina Manyatta lina maana ya boma. Eneo bunge lenye jina hilo limeuchukua hata mji wa Embu, lakini soko la Manyatta lenyewe liko juu zaidi, kuelekea msitu wa mlima. Kadiri barabara inavyopanda ndivyo kahawa inavyoipisha chai, na hewa inakuwa baridi hata tulijutia kanzu yetu nyepesi. Watu wa huko husafiri kwa matatu, kwa magari ya Probox yanayosheheni abiria na mizigo, na zaidi ya yote kwa bodaboda.

Tuliposhuka sokoni tulitoa simu yetu, tukafungua programu ile ile iliyotutoa nyumbani. Ikazunguka kitambo, kisha ikatuambia hakuna gari lililo karibu nasi. Palepale mbele yetu palikuwa na pikipiki tisa zimepangwa kivulini, na kijana mmoja mwenye koti la kung’aa akatukaribia.

“Mzee, unaenda kwa nani?”

Hakutuuliza tunakwenda wapi. Tulipomtajia mama wa sahibu yetu alicheka, akasema, “Huyo ni shosho wangu wa kila Jumanne ya kliniki. Panda.”

Tukamwambia tujue bei kwanza. Akatujibu, “Shilingi 100. Hata shosho hulipa hiyo.” Tukapanda, tukasoma dua ya safari, na tukaisoma kwa moyo hasa, kwa kuwa njia ya kushukia mtoni ilikuwa na utelezi.

Mama alitupokea kwa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Tulipomweleza tulilolijia, alikwenda kabatini akarudi na simu zile mbili, zimefungwa katika kitambaa, moja ingali na karatasi yake ya dukani. Shingoni mwake, kwa uzi, ilining’inia simu ndogo ya vitufe, ile inayoitwa mulika mwizi kwa tochi yake. Tukaanza somo. Tukamwonyesha ramani, tukamwonyesha mahali pa kubonyeza. Alitusikiliza kwa adabu hadi mwisho.

“Hii ikiita gari, mwanangu, anakuja nani?”

“Anakuja dereva aliye karibu zaidi, mama.”

“Anajua kwamba sikio langu la kushoto halisikii? Anajua nikigongewa mlango wa mbele sisikii, lazima azunguke jikoni?”

Tukasema hajui.

“Basi wangu anajua,” akasema, akatuonyesha ukutani. Palikuwa na kalenda ya kanisa lake, na pembeni mwake nambari tatu zimeandikwa kwa kalamu, kubwa kubwa.

Ndipo alipotusimulia usiku ambao sahibu yetu alikuwa ametugusia kwa ufupi tu. Kifua kilimbana saa nane za usiku. Alimpigia yule kijana, mlio mmoja, akakata, kwa sababu hakuwa na salio la kutosha mazungumzo. Kijana aliamka. Alijua kwamba mlio mmoja wa saa hiyo si wa kwenda sokoni. Akamwamsha binamu yake mwenye Probox, kwani mgonjwa wa kifua hapandishwi pikipiki, wakazunguka mlango wa jikoni, wakampeleka hospitali ya Embu. Hakuna aliyetaja nauli. Asubuhi kijana alimpigia mwana Doha, akamwambia mamake yuko wapi, ndipo akataja shilingi 2,000, na fedha zikatumwa.

Saa hiyo hiyo ya usiku mwana alikuwa macho huko Doha. Jirani wa mama alikuwa amempa habari, naye alikuwa akifungua programu moja baada ya nyingine, akiandika Manyatta, na kila moja ikimjibu kwamba hakuna gari.

Hapo tulikumbuka kisa tunachowasomesha watoto kila mwaka bila ya kukitazama vizuri. Mtume, rehema na amani zimshukie, na Abubakar walipokusudia kuhama Makka, walimwajiri kiongozi wa njia, Abdullahi bin Uraykit. Mtu huyu alikuwa katika dini ya Makureshi, si Mwislamu. Walimkabidhi ngamia wao wawili na wakaagana naye akutane nao kwenye pango la Thaur baada ya masiku matatu. Makureshi walikuwa wametangaza zawadi kubwa kwa atakayewakamata. Naye alifika, katika siku aliyoagizwa, akiwa na ngamia wote wawili. Imamu Bukhari alikiweka kisa hiki katika mlango wa ijara. Ujira ulikuwepo, muda ulijulikana, mahali palijulikana, na juu ya yote hayo palikuwa na mtu waliyemjua na kumwamini.

Tusieleweke kwamba tunasifu ya zamani kwa kuwa ni ya zamani. Wapo waendesha bodaboda wanaokimbia ovyo, wasiompa abiria kofia, wanaopandisha bei wakiona mvua au mgeni. Wala nambari iliyoandikwa ukutani haiachi kumbukumbu ya nani alimbeba nani pindi baya linapotokea. Kijana wa Manyatta ni mwema kwa malezi yake, na si kila stendi ina kijana kama huyo. Ndiyo sababu, badala ya kuendelea na somo letu, tuliketi sote watatu, mama, kijana na sisi, tukapanga mambo, na mwana tukamweka kwenye simu asikilize.

Tuliiweka nambari ya kijana kwenye kitufe cha 2 cha simu ya mama, ya binamu mwenye Probox kwenye 3, na ya mwana kwenye 4, hata akikishikilia kitufe kimoja tu simu inajipiga. Tukapatana bei mbili, ya mchana na ya usiku, zikaandikwa kwenye kalenda. Mwana akaweka kwa kijana akiba ya safari moja ya usiku, ili ukosefu wa fedha usiwe sababu ya mtu kuchelewa. Na tukakubaliana kwamba kila safari ya hospitali kijana atampigia mwana wakiondoka na wakifika.

Wasomaji wenye wazazi katika miji ambako programu hizi zinafanya kazi wanaweza kufanya jambo lililo jepesi zaidi. Mama hahitaji simu janja. Baadhi ya programu humruhusu mtoto aliye mbali kumwitia gari mtu mwingine na kulipa yeye. Msomee mama kwa simu jina la dereva, rangi ya gari na nambari yake, naye asiingie ndani hadi dereva amtaje yeye kwa jina. Mpigie dereva pia, umwambie habari ya sikio la kushoto na mlango wa jikoni, kwani hayo ramani haiyaonyeshi.

Sasa turudi kwa yale tuliyoahidi. Karibu na nyumba yetu yupo dereva wa teksi, mtu mzima kutushinda. Miaka ishirini na ushei iliyopita ndiye aliyempeleka mke wetu hospitali usiku wa kuzaliwa mtoto wetu wa pili. Tulipotaka kumlipa alisema, “Wacha, sheikh, mlee kwanza mtoto.” Tukaona ni ihsani, tukaipokea. Zilipokuja simu tulihama, kwa kuwa bei ilikuwa nafuu na mazungumzo machache. Gari lake la zamani halikubaliwi na makampuni. Kwa miaka kadhaa tumepita mbele yake tukiingia magari ya watu tusiowajua, naye akitusalimia, nasi tukimjibu salamu tu.

Tuliporejea kutoka Manyatta tulikwenda kwake baada ya Isha. Tulimpelekea kilo tano za mchele wa Mwea na bahasha. Mchele aliupokea. Bahasha aliitazama, akauliza ni ya nini. Tukamwambia ni nauli ya ule usiku. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Ile nilisamehe, sheikh. Lakini hizi safari za miaka hii ndizo zilizonisumbua.” Hatukuwa na la kujibu.

Tumepatana naye kwamba safari za Ijumaa za mama mkwe wetu, za kwenda na kurudi, ni zake, kwa bei inayojulikana. Safari nyingine tutaendelea kuita kwa simu, na hatuoni aibu. Ila nambari yake sasa imo katika simu ya kila mtu wa nyumba yetu, na imeandikwa pia ukutani, karibu na mlango.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu na wanaowabeba, na awape wazazi wetu, walio karibu na walio mbali, mtu atakayeamka simu ikilia mara moja. Amin.