Mtoto wa Mlima Elgon Katika Mji wa Cape Town

Mtu asimamaye Cheptais asubuhi, kabla mawingu hayajashuka, huuona Mlima Elgon nyuma yake, na mbele yake nchi tambarare ya Bungoma. Mlima huo wafika mita 4,321. Basi mtoto aliyelelewa chini yake, akifika Cape Town, mwisho wa bara letu upande wa kusini, hatautetemekea Mlima wa Meza, maana urefu wake ni kama robo tu ya ule wa kwao. Ajabu ya mlima huo ni kilele chake, ambacho kimelala sawasawa kama meza. Wakati wa kiangazi, yaani Desemba hata Februari, upepo wa kusini-mashariki hukitandika wingu jeupe mfano wa kitambaa.

Katika mji huo ndimo alimosoma Bwana Masinde Muliro, mwana wa sehemu za Kimilili, jirani wa watu wa Cheptais. Alisoma Chuo Kikuu cha Cape Town, kilichojengwa ubavuni mwa mlima, akarejea Kenya mwaka 1954 na shahada yake.

Mgeni ana mengi ya kutazama huko. Saa sita mchana, kila siku ila Jumapili na sikukuu za taifa, mzinga hulia juu ya kilima cha Signal Hill. Siku za Desemba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, hali Cheptais, siku hizo hizo, huwa upande wa kusini. Iko pia bustani iliyoanzwa na Waholanzi mwaka 1652, ili mabaharia wao wapate mboga, na ngome ya mawe iliyomalizika mwaka 1679.

Lakini mwenye macho hatosheki na uzuri wa mawe. Huuliza ni nani waliotumikishwa hapo. Karibu na bustani hiyo limesimama jumba la mwaka 1679 walimofungiwa watumwa waliotolewa Madagaska, Msumbiji na Asia. Sasa ni makumbusho. Mtaani Bo-Kaap ungaliko msikiti wa Auwal, ulioanzishwa mwaka 1794.

Tena Bwana Muliro alikuwa huko wakati mgumu. Chama kilichotangaza ubaguzi wa rangi kilishika serikali mwaka 1948, na mwaka 1953 ikatungwa sheria ya kutenga mahali pa watu wote, hata viti vya bustanini. Chuoni mwanafunzi Mwafrika aliweza kukaa darasani pamoja na Wazungu, lakini katika malazi na dansi alitengwa. Mwaka 1959 sheria nyingine ikaufunga hata mlango wa darasa, asiingie ila kwa idhini ya waziri.

Hivyo mji ule ulifundisha masomo mawili kwa pamoja, moja vitabuni na moja njiani. Mwaka 1957 Bwana Muliro alikuwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya.

Basi mzazi wa Cheptais anayeuza mahindi ili mtoto asome ng'ambo, asimwulize tu kama aliona majumba marefu. Na amwulize watu wa huko huishi pamoja namna gani, na lipi katika hayo lafaa kuletwa nyumbani, na lipi la kuachwa huko huko. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.