Tuliling'arisha Gari, Tukazisahau Breki

Gari letu lilipoingia Singida jioni moja ya mwaka 2018, watoto walilizunguka mara tatu kabla ya kuthubutu kuligusa. Lilikuwa Toyota Spacio ya rangi ya fedha, iliyokwisha kutumika Japani, nasi tuliinunua kwa akiba ya miaka sita: mshahara wa mmoja wetu anayefundisha sekondari, na faida ya mwingine katika biashara ya mafuta ya alizeti. Twayaandika haya sote wawili, mume na mke, kwa kuwa makosa tutakayoyasimulia ni ya sote wawili, na hapana kati yetu mwenye haki ya kuyasimulia peke yake.

Tulidhani gharama imekwisha bandarini Dar es Salaam. Tulikwisha kulipa ushuru wa forodha wa asilimia 25, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, pamoja na ada nyingine ambazo hesabu yake ilitutoa jasho. Tulifurahi kusikia kwamba ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilikuwa imefutwa tangu mwaka wa fedha 2017/18. Hatukuketi kufikiri kwamba ada ile haikutoweka, bali ilihamishiwa katika mafuta, shilingi 40 kwa kila lita, nasi tukawa twailipa kidogo kidogo kila tulipojaza tangi. Ndivyo zilivyo gharama za gari. Ile ya kununua huonekana mara moja na kila mtu huijua; zile za kulimiliki huja moja moja, na mwenye gari ndiye wa mwisho kuzijumlisha.

Wenyeji wa mkoa wetu wanajua upepo wa Singida. Ni upepo ambao hata wenye mipango ya kuzalisha umeme wameutolea macho. Wakati wa kiangazi huinua vumbi la mashambani na mchanga wa mawe yale makubwa yanayouzunguka mji, na gari lililooshwa asubuhi huwa kijivu kabla ya adhuhuri. Sisi tulilifuta vumbi lile kwa kitambaa kikavu, kila siku, tukijiona watunzaji hodari. Fundi rangi mmoja alipotukuta tukifanya hivyo alitusihi tuache. Alitueleza kuwa rangi ya gari, pamoja na laka yake ya juu inayong'aa, unene wake wote ni takribani sehemu moja ya kumi ya milimita. Na kwamba punje za mchanga wa mawe yetu ni ngumu kuliko kioo. Kufuta vumbi kavu, alisema, ni kulipiga gari msasa kwa mkono wako mwenyewe.

Tukaamua kuliosha kwa maji kila mara. Mpwa wetu, kijana mwema aliyependa kutuokolea fedha, akawa anachota maji ya Ziwa Singidani, asijue, nasi tusimwambie, kuwa maji yale yana chumvi na magadi. Yalipokauka juani yaliacha madoa meupe ambayo sabuni haikuyatoa. Ndipo tukalipeleka gari kupigwa polishi kwa mashine. Liliporudi, lilikuwa kioo. Majirani walisimama kulitazama. Kwenye nikaha moja mjini, bwana harusi aliomba lipambwe maua limbebe bibi harusi, na sote wawili tulilala usiku ule tukiwa na furaha ambayo leo twaona haya kuikumbuka.

Kwa kuwa sifa ilitunogea, tukaitafuta tena. Tulilipiga polishi mara sita ndani ya miezi kumi na minne, tusijue kuwa kila mzunguko wa mashine ile hula laka kidogo, na laka ikiisha hairudi ila kwa kupaka upya. Tukaweka tinti katika vioo, kava mpya za viti, taa ndogo za buluu mbele, na maandishi nyuma. Kisha mmoja wetu akabadili magurudumu. Aliyaondoa yale ya chuma ya inchi 14 yaliyokuja na gari, akaweka rimu za aloi za inchi 17 zenye matairi membamba ubavuni. Zilipendeza kwa kweli. Lakini rimu ya chuma ikipinda shimoni fundi huigonga ikanyooka, na ya aloi hupasuka. Na tairi jembamba halina mto wa kutosha kuyapokea mawe ya njia zetu za Ilongero na Mtinko. Kwenye kona kali tairi lilisugua bodi, nasi tukazoea.

Huyo mmoja wetu aliulizwa bei, akajibu kuwa ni shilingi 500,000. Ukweli ni kwamba rimu na matairi yake viligharimu 900,000, na zile 400,000 zilitoka katika fungu la ada ya binti yetu mkubwa, kwa nia ya kuzirudisha kabla ya muhula. Mwenzake alipata kuijua bei halisi kwa njia nyingine, kama mambo ya nyumba yanavyojulikana. Hakusema neno. Aliiweka moyoni.

Baada ya miezi kadhaa gari lilianza kutoa mlio mwembamba kila lilipokanyagwa breki. Mlio ule una maana yake. Pedi nyingi za breki huwekewa kijibamba cha chuma ambacho, pedi ikikaribia kwisha, hugusa diski na kulia, ili mwenye gari asikie na kuchukua hatua. Aliyekuwa akiendesha aliusikia, akasema ni vumbi, akaongeza sauti ya redio. Aliyekuwa ameketi pembeni aliusikia pia, na yeye alijua si vumbi, kwa sababu kaka yake ni dereva wa lori na alikwisha kumweleza jambo hilo zamani. Lakini alikuwa bado na kinyongo cha zile laki nne. Alijisemea moyoni: rimu zake, breki zake, na ajionee mwenyewe. Akanyamaza wiki tatu.

Desemba 2019 tulisafiri kwenda Nzega kwenye harusi ya jamaa. Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, tukasoma dua ya safari kama tulivyofundishwa, watoto wetu watatu wakiwa nyuma na masanduku mapajani. Tulipita Misigiri, tukaanza kuteremka Mlima Sekenke. Anayeijua barabara ile hahitaji kuelezwa: mteremko mkali, kona, na malori yaliyojaa yakipanda upande wa pili. Katikati ya mteremko mlio ukageuka mkwaruzo wa chuma kwa chuma. Kisha pedali ya breki ikawa laini, ikazama hadi sakafuni, na gari halikupunguza mwendo.

Aliyekuwa kwenye usukani aliingiza gia ya chini, akawa anavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo na mawe uliokuwa kushoto. Ubavu wote ukakwangua mawe kwa sauti ambayo watoto waliifananisha na bati linalochanwa. Likasimama. Lori lililokuwa likipanda lilitupita likipiga honi. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Mtoto wetu mdogo, wa miaka minne, aliuliza kama tumefika.

Tuliketi juu ya mawe kando ya barabara, tukitetemeka. Hapo ndipo mambo mawili yalipotoka. Mmoja alisema: rimu zile ni laki tisa, nilikudanganya. Mwenzake akajibu: nilijua. Akanyamaza kitambo, kisha akasema lililokuwa zito zaidi: na mlio wa breki niliujua, wiki tatu, sikukwambia kwa kuwa nilikuwa na hasira nawe. Hatukugombana. Tuliwatazama watoto wakiokota vijiwe, na kila mmoja wetu aliona kosa lake lilipokuwa likiwapeleka.

Fundi wa Shelui aliyeletwa kwa bodaboda alifungua magurudumu ya mbele. Pedi zilikuwa zimekwisha hadi kwenye chuma, na diski zimechimbika mifereji. Akatuonyesha na mafuta ya breki, meusi kama chai ya rangi. Alisema mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani kadiri yanavyozeeka. Breki zikipata moto mkali mteremkoni maji yale huchemka na kuwa mvuke, na pedali hukanyaga mvuke badala ya mafuta. Matengenezo yote yalitugharimu shilingi 145,000. Pedi peke yake, kama tungezibadili mlio ulipoanza, zisingezidi 60,000.

Tuliporudi Singida tulitandika mkeka baada ya swala ya isha, tukachukua daftari la binti yetu na kuandika safu mbili. Ya kwanza tuliiita vya kuonekana: rimu na matairi 900,000, tinti 90,000, kava za viti 160,000, taa na maandishi 70,000, polishi mara sita 210,000. Jumla, shilingi 1,430,000. Ya pili tukaiita visivyoonekana: bima ndogo 118,000, na kubadili oili mara mbili 150,000. Jumla, 268,000. Hatukuwa na la kuongeza. Tuliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Bima yenyewe, kwa kuwa ni ile ndogo, hulipa madhara ya wengine tu. Ubavu wetu uliokwanguliwa ulikuwa juu yetu.

Tulikuwa tumezoea kulisikia neno israfu na kudhani ni la matajiri, wenye karamu na majumba. Tukatambua kuwa hata mwenye kipato kidogo aweza kuwa mfujaji, akiweka fedha penye macho ya watu na kuzinyima penye roho za watoto wake.

Rimu zile tuliziuza kwa 520,000, tukairudisha ada ya binti yetu, tukayarudisha magurudumu ya chuma. Hatukulichukia pambo, wala hatusemi gari liachwe lichakae. Rangi ni ngozi ya gari. Ikitoboka, kutu huingia, na bodi iliyooza haina bei. Kwa hiyo ubavu ule tuliunyoosha na kuupaka, si kwa fahari, bali kuzuia kutu. Sasa gari humwagiwa kwanza maji mengi ya bomba ili mchanga uondoke, ndipo huguswa na kitambaa laini chenye sabuni, tena kivulini. Kinyesi cha ndege hutolewa siku hiyo hiyo, maana huila laka. Kila miezi mitatu twalipaka nta kwa mikono yetu. Wakati mmoja tulishauriwa kupaka seramiki kwa mamia ya maelfu; tuliuliza kama itazuia mawe ya barabarani, tukajibiwa kwa uaminifu kuwa haizuii, tukashukuru na kuondoka.

Safu mbili zile bado twaziandika, kila mwisho wa mwezi, mmoja akisoma risiti na mwingine akishika kalamu. Tumeweka sharti moja: safu ya kwanza haipati shilingi mpaka ya pili iwe imetimizwa. Na tumeongeza sharti jingine ambalo halihusu fedha. Anayesikia mlio, wa gari au wa nyumba, husema siku ile ile, hata kama amekasirika.

Rangi ya ubavu wa kushoto haikulingana sawasawa na ile ya asili. Jua likiwa upande, mpaka wake huonekana. Watu hutuuliza kwa nini hatulipeleki likapakwe upya lote. Huwa twajibu kuwa tunalipia matairi kwanza.