Nakala za King Majuto

Nikiwa na miaka kumi na minne nilimuibia King Majuto, mara ngapi sikumbuki. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha CD Kanyenye, Tabora mjini, chenye kompyuta moja ya drive mbili. Unaweka CD halisi juu, tupu chini, unasubiri dakika chache, nakala inatoka ikiwa bado ya moto. Tuliiuza shilingi elfu moja. Kava tulitoa fotokopi kwenye steshenari ya jirani, na kwa kuwa wino wao kila siku ulikuwa unakaribia kuisha, uso wa mzee yule ulitoka kama umepakwa majivu. Wateja hawakujali. "Nipe ya Majuto," walisema, bila kutaja jina la filamu.

Jina lake halisi ni Amri Athumani, mtu wa Tanga, aliyezaliwa 1948 na kuanza kupanda jukwaani 1958, bado mtoto. Televisheni ilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, alikuwa ameshachekesha watu ana kwa ana kwa zaidi ya miaka thelathini. Nadhani ndiyo maana hakuhitaji mengi. Anaingia sebuleni, anasita, anamtazama aliyekaa kwenye kochi, na kabla hajasema neno watu waliojazana kibandani wameshaanza kucheka. Alikuwa baba bahili, mzee mpenda vibinti, mzazi mwenye kelele kuliko watoto wake. Nyingi ya filamu hizo zilikuwa na hadithi nyembamba, nyingine ovyo kabisa, na vichekesho vyake kuhusu wanawake leo nikikutana navyo navirusha mbele. Lakini kule kusita kwake mlangoni bado kunanishinda.

Aliyempenda kuliko wateja wote ni babu. Ujanani alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kama Wanyamwezi wengi wa rika lake. Watu wetu walishazoea njia ya kwenda pwani. Waliowatangulia walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, na wazee husema utani wetu na Wazaramo ulizaliwa humo njiani. Babu aliupanua utani huo hadi Tanga bila kumwomba mtu ruhusa. Alikuwa akimjibu Majuto kwenye skrini: "Mwongo wewe! Nyapara wangu alikuwa na sauti hiyohiyo, na hela yangu mpaka leo hajanipa." Halafu anacheka mpaka anashika ubavu. Kila Ijumaa nilimpelekea nakala mpya, bure. Aliziita barua kutoka Tanga.

Mwaka 2013 zikaja stempu za TRA za kubandikwa kwenye CD na DVD za filamu na muziki. Mjomba akahamishia kompyuta chumba cha uani, na biashara ikahamia kwenye flashi na memori kadi. Mimi nilijiambia kwamba tunayemuumiza ni tajiri wa Kariakoo. Ukweli kidogo ulikuwepo: kwa mtindo wa wakati ule, msambazaji aliweza kununua filamu na haki zake zote kwa malipo ya mara moja, kwa hiyo CD yangu ya elfu moja haikutoa senti mfukoni mwa mchekeshaji siku ile. Utetezi huo niliutunza vizuri sana. Sikujiuliza msambazaji anayeibiwa Tabora nzima atampa nini mzee yule kwenye filamu inayofuata.

Mwaka 2018 King Majuto aliugua tezi dume, akapelekwa India kutibiwa. Ndipo habari za mikataba yake zikatoka hadharani: mtu ambaye sura yake iliuza bidhaa za watu, na bado alikuwa na madai. Waziri wa Habari wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huo, akazikwa kwao Tanga.

Babu aliisikia redioni. Nilimkuta chini ya mwembe, redio ameshaizima.

"Walimlipa?" akaniuliza.

Nikamwambia kuna kamati imeundwa.

"Kamati," alirudia, akacheka kile kicheko cha Ijumaa, mkono ubavuni. Kilipoisha alikaa kidogo akichora chini kwa fimbo.

"Na zile barua zangu, mjukuu wangu, ulikuwa unazilipia shilingi ngapi?"

"Mjomba ndiye aliyekuwa analipa, babu. Alikuwa anaagiza Dar."

Alininyooshea fimbo. "Mwongo wewe," akasema, kwa sauti ya nyapara wa Tanga.