Barua kwa Mpwa Wangu Aliyekimbia Deni

Kibokoni, Mombasa

Mpwa wangu mpenzi,

  Mamako goti lamsumbua, na dadako amejifungua mtoto wa kiume. Lililonishikisha kalamu ni khabari niliyoisikia barazani baada ya Magharibi, kwa kinywa cha mtu baki, kwamba huko London umeiomba serikali hifadhi ya ukimbizi kwa kuwakhofu wadai wako.

Sikatai kwamba khofu yako ina asili. Vijana wawili walikuja na pikipiki wakamwambia mamako kwamba riba ya yule mnayemwita shailoki haifi kwa mdaiwa kupanda ndege. Nami siku ile ile nikenda kituo cha polisi nikaandikisha, na namba ya OB naiambatisha hapa. Lakini fahamu kwamba Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 wamtambua mkimbizi kwa sababu tano: rangi, dini, uraia, kundi maalumu la watu alimo, na rai yake ya siasa. Deni halimo. Iko hifadhi nyingine kwa anayekabiliwa na madhara makubwa, ila huyo naye huulizwa: polisi wa kwenu walishindwa kukulinda? Mbona hukuhamia Kisumu? Jibu kwa uliyonayo, wala usitie chumvi.

Hiyo chumvi ndiyo inikoseshayo usingizi. Sahibu yangu mmoja, tuliyesoma naye chuoni kwa mwalimu mmoja, alikwenda Uingereza baada ya dola ya Somalia kuvunjika mwaka 1991, akajiita Mbajuni wa Chula, huko Somalia, ilhali kazaliwa hatua mia kutoka kibarazani kwangu. Alihifadhi majina ya visiwa na ya samaki, akaiga Kibajuni cha mke wa jirani, akapewa karatasi; nasi, Mungu atusamehe, tulimcheka kwa kumsifu. Alipofiwa na mamake ilimbidi aombe viza ya kuingia mji aliozaliwa, akafika arubaini imekwisha somwa, na katika mirathi jina la pasi yake halikuwa la babake. Wewe dhiki yako itazidi, kwani unaikimbia Kenya yenyewe, na hati ya safari ya mkimbizi haimpeleki kwao.

Nasaha mbili nakupa: usikope kwa huyu ukamlipe yule. Na siku ya mahojiano ya hifadhi omba mkalimani wa Kiswahili, hata kama Kiingereza chakutosha.

Na sheria yetu ya Kenya haimfungi fukara kwa ufukara wake. Humfunga awezaye kulipa akakataa, au atorokaye ili asilipe, na wewe umejitia mwenyewe katika hili la pili. Hata babako, Mungu amrehemu, alinifanya mdhamini wa deni lake, nikauza shamba la Kikambala nikalipa, wala sikumtajia mtu; leo nakutajia wewe.

Mdai wako mkubwa, yule muuza vipuri, alikuja Jumatatu. Nilimsomea aya ya Suratul Baqara ya kumpa muhula mwenye dhiki, akanyamaza hata kahawa ikapoa, kisha akakubali kulipwa kwa miezi 18 bila ya nyongeza. Hati ya maafikiano iko mezani kwangu, chini ya miwani. Yangoja sahihi yako.

Mjombako