Shada la Kunusa, Shada la Kutazama

Asumini haina subira. Vitumba vyake huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, hutungwa kwenye uzi, na kadiri giza linavyoingia ndivyo vinavyofunguka na kuijaza nyumba harufu. Kufikia asubuhi weupe wake umeanza kuchafuka, na mchana wake koja zima limenyauka. Kwa harusi za pwani, bi harusi anapopambwa usiku na kinamama wamekaa kumtazama, ua hili liko mahali pake kabisa. Kwa ndoa ya kanisani inayofungwa saa nne asubuhi, linakuwa limechelewa, au labda limewahi mno.

Nimelitafakari sana jambo hili tangu mtoto wa kaka yangu aliponiomba nimsaidie kuchagua shada la maua atakaloshika siku ya ndoa yake, Tanga. Mpambaji alikuwa na mashada ya kukodi, ya maua ya plastiki, yaliyotengenezwa vizuri tu na ambayo mabinti wengi wameyashika na wakapendeza. Yeye hakuyataka. “Nataka liwe langu, Shangazi,” aliniambia, “liwe na maana.” Nilikubali upesi, kwa kuwa nilidhani ninajua anachoomba. Niliona kwamba maana ni kitu cha kuandaliwa: unawakumbuka wazee waliotangulia, unamchagulia kila mmoja ua lake, unayafunga pamoja kwa utepe, basi. Hata sasa siwezi kusema kwamba wazo hilo ni baya. Ninachoweza kusema ni kwamba ombi lake lilikuwa pana kuliko nilivyolipokea.

Mama yangu, yaani bibi yake bi harusi, aliishi Ngamiani, humo humo Tanga, miaka mingi, na ingawa sisi ni Wakristo, majirani zake Waislamu ndio waliomfundisha kufunga vikuba. Alichanganya rehani, asumini na langilangi, na siku za bahati akaongeza kilua, lile ua dogo la mti wa pwani ya Kenya na Tanzania ambao wataalamu wa mimea, walipouandika rasmi mwaka 1970, waliuita Mkilua fragrans. Sikupata kukiona kilua kwenye ndoo za wauza maua. Mama alikwenda kukiomba uani kwa mwenye mti, na kukiomba kulikuwa na taratibu zake: salamu kwanza, habari za watoto, kisha ndipo ua. Kikuba chenyewe alikibana kifuani au nyweleni, chini ya kanga, ambako macho ya mpita njia hayakukifikia. Waliokijua ni waliomkaribia. Nilimkaribia sana utotoni, kwa hiyo nikakua nikiamini kwamba ua ni la kunusa kwanza, na la kutazama baadaye.

Shada la bi harusi limepangwa kwa njia nyingine. Hushikwa mbele, usawa wa kiuno, ili watu wote walione tangu mlangoni. Huulizwa kama linaendana na gauni, na rangi walizochagua wanakamati, na mavazi ya wasimamizi. Mawaridi yanayolijaza hutoka Arusha, ambako mashamba mengi ya maua yalianzishwa kwa ajili ya masoko ya nje. Ni maua yaliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi yaweze kustahimili safari na kukaa siku nyingi ndani ya chombo cha maji, na katika kuutafuta uimara huo, harufu mara nyingi imepotea njiani. Niliinama juu ya ndoo ya muuza maua, nikavuta pumzi, nikapata harufu ya maji na majani mabichi tu. Moyoni nikasema, hili ni ua lisilo na neno. Nilipoinua kichwa nikamwona binti amelishika waridi moja la rangi ya pichi, analigeuzageuza, uso umemchangamka. Hakuweza kunieleza kwa nini alilipenda. Alilipenda tu.

Sikuuelewa uso ule wakati huo. Niliendelea na mipango yangu, nikamletea kipande cha kanga ya marehemu mama ili tukizungushe kwenye vikonyo vya maua, pale mkono unaposhika. Alikipokea kwa mikono miwili na kukaa nacho kimya. Kisha akasema, kwa adabu, kwamba Bibi anampenda na hatamsahau, lakini akitembea na kanga ile mbele ya watu, shangazi zake wote watalia na yeye atalia, naye siku hiyo angependa kucheka.

Jibu hilo lilinikaa kifuani. Nililizungusha akilini usiku ule, na kidogo kidogo nikaona kwamba maana niliyokuwa nikimpangia ilikuwa ya kwangu. Mimi ndiye niliyeikosa ile harufu nyumbani. Mimi ndiye niliyetaka mama awepo kanisani na aonekane. Binti alikuwa na kumbukumbu yake ya bibi, pengine nyepesi na yenye furaha kuliko yangu, nami nilitaka kumkabidhi huzuni iliyofungwa utepe. Sijui kama upendo wa wazee unaweza kuliepuka jambo hili kabisa. Huenda kila tunachorithisha hubeba kidogo uzito ambao hatukuumaliza sisi wenyewe.

Katika kuwaza huzuni inayobebwa ndani ya shada, nilimkumbuka Elizabeth Bowes-Lyon wa Uingereza. Tarehe 26 Aprili 1923, alipoingia Westminster Abbey kuolewa na mwana wa mfalme, aliliweka shada lake juu ya kaburi la Askari Asiyejulikana, akaenda madhabahuni mikono mitupu. Kaka yake Fergus alikuwa ameuawa vitani huko Loos mwaka 1915. Baada yake mabibi harusi wengine wa ukoo wa kifalme wamekuwa wakipeleka mashada yao juu ya kaburi lile ndoa ikishafungwa. Kuna siku hunijia kwamba maana imepungua: yeye alikuwa na kaka, wao wana desturi. Siku nyingine huona kinyume chake. Desturi ni kama mtungi; aliyeufinyanga alikuwa na kiu yake, na wanaokuja nyuma huteka humo maji yao. Mama naye hakuvianzisha vikuba. Alivipokea kwa majirani, akavitia maisha yake ndani, mpaka sisi wanawe tukaviona kuwa vyake. Ikiwa yeye aliweza hivyo kwa ua la kuombwa uani kwa watu, kwa nini mjukuu wake asiweze kwa waridi la kununuliwa?

Tukafunga shada la mawaridi ya pichi, dogo kiasi cha kutouchosha mkono, na katikati yake tukapenyeza matawi ya rehani, ambayo huvumilia majini na hutoa harufu pale tu yanapoguswa. Yalikaa ndani ya maji hadi dakika ya kutoka nyumbani, maana joto la Tanga halisubiri ua lolote. Kuhusu asumini, ni binti mwenyewe aliyeuliza kama inaweza kukawizwa. Jioni tulivichuma vitumba, tukavilaza kwenye kitambaa chenye unyevu, tukavifunga kwa jani la mgomba na kuviweka kwenye friji. Alfajiri vingine vilikuwa vimefunguka, vingine bado. Tukafunga kikuba kidogo, akakibana nyweleni chini ya shela, mahali ambapo kamera haikufika. Ile kanga ilibaki kabatini kwangu. Sikumuuliza kama alimwaza bibi yake alipokuwa akitembea kuelekea madhabahuni, na nimeona afadhali nisimuulize.

Sasa mabinti wengine huniuliza wafunge shada la namna gani, na naona majibu yangu yamekuwa mafupi. Huwauliza ni nani wanayetaka awe karibu nao siku hiyo, na kama wanataka mtu huyo aonwe na wote au ajulikane kwao peke yao. Kuna kumbukumbu inayostahili kushikwa mbele, na kuna inayostahili kufichwa chini ya shela. Pia huwashauri waache nafasi ya ua moja lisilo na sababu, wanalolipenda tu, kwa kuwa siku hiyo itakuwa na maana zake ambazo hakuna mzee awezaye kuzipanga mapema.

Lakini hata hapo sijatulia. Bado hujiuliza kama ni haki yetu sisi wakubwa kuwachagulia vijana mambo ya kukumbuka. Kwa sasa naegemea upande wa kwamba ni haki kupendekeza, maana tukinyamaza kabisa hawatajua hata kilua kinaombwa nyumba gani. Ila anayependekeza awe tayari kuambiwa hapana. Hapana ya binti yule juu ya kanga ndiyo iliyolifanya shada kuwa lake, na kama ningeishinda kwa machozi yangu, maua yote mengine yangekuwa ya kwangu.