Rejeta Ilipovuja Njiani kwenda Ipililo

Ndugu msomaji, safari yetu ya mwezi huu ni ya kwenda Ipililo. Ipililo ni kata katika Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu. Zamani wilaya hii ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu ulianzishwa, na makao yake makuu yakawa Bariadi. Mkoa ulibadilika jina, lakini udongo ni uleule na jua ni lilelile.

Ukipita huku mwezi Oktoba utaiona nchi ilivyo kavu. Pamba imekwisha kuuzwa. Mashina yake yameng'olewa na kuchomwa. Mibuyu imesimama bila majani. Kwenye mito iliyokauka utawaona akina mama wanachimba mchanga. Wanachimba shimo, wanangoja maji yachuruzike, kisha wanayateka kidogo kidogo kwa kibuyu. Ndoo moja ya lita 20 yaweza kumaliza nusu ya asubuhi. Ikumbuke ndoo hiyo, maana tutakutana nayo tena.

Gari tulilopanda kutoka Maswa mjini lilikuwa Land Rover kuukuu, pikapu ya lile umbo lililoacha kutengenezwa mwaka 1985. Magari ya namna hii bado yapo vijijini. Yanabeba pamba, mpunga, wagonjwa na maharusi. Siku ile tulikuwa abiria tisa. Alikuwamo mama mmoja aliyetoka hospitali na mtoto wake. Alikuwamo pia mzee mmoja mwenye jembe jipya la kukokotwa na ng'ombe. Mzee huyo aliwahi kuendesha malori ya pamba kwa miaka mingi.

Kabla hatujaondoka, utingo aliona maji chini ya gari. Alimwambia dereva. Dereva akacheka, akasema, "Hilo ni jasho lake tu."

Gari halitoi jasho, ndugu msomaji. Kama hakuna mvua na gari halikuoshwa, maji chini ya injini ni habari. Weka kidole uone yametoka wapi. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano. Sisi hatukuifanya, na dakika hizo tano tulizilipa kwa saa tatu juani.

MVUKE

Saa nane mchana tulikuwa mbali na mji. Barabara ilikuwa na mawimbi na makorongo, na gari lilikuwa linakwenda kwa gea ndogo. Mshale wa joto ulikuwa umepanda muda mrefu, lakini dereva alikuwa anazungumza. Ghafla mvuke mweupe ukatoka kwenye boneti. Gari lilikuwa limechemsha.

Dereva alizima injini, akaruka chini, akafungua boneti. Akachukua kitambaa, akanyosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Acha, mwanangu!" mzee akapiga kelele kutoka nyuma. "Uso wako huutaki?"

Hapa ningependa usome polepole, kwa sababu watu wengi wameungua kwa jambo hili.

Maji ya sufuria yakiwa pwani huchemka kwenye nyuzi 100 za joto. Usukumani tuko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Huku maji huchemka mapema kidogo, kwenye nyuzi 96 hivi. Lakini ndani ya rejeta kuna kifuniko chenye springi. Kifuniko hicho kinayabana maji na mvuke. Maji yaliyobanwa huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua kifuniko ghafla, mbano unaondoka, na maji yote yanachemka mara moja. Yanaruka kama soda iliyotikiswa. Tofauti ni kwamba soda hailoweshi uso kwa moto. Maji haya hubabua ngozi ya uso na mikono, na hata macho yanaweza kupotea.

Kwa hiyo tulingoja. Tulikaa chini ya mgunga zaidi ya nusu saa. Mama alimlaza mtoto kwenye kivuli. Mzee akaanza kutueleza kazi ya rejeta, huku akichora mchangani kwa kijiti.

Ndani ya injini mafuta yanaungua mara nyingi sana kila dakika. Joto lake lingeyeyusha vyuma kama lingeachwa. Maji yanazunguka pembeni mwa sehemu zile za moto, yanalibeba joto, kisha yanasukumwa na pampu hadi kwenye rejeta. Rejeta ina mirija mingi myembamba, na katikati ya mirija kuna vibati vyembamba. Upepo wa feni unapita hapo na kuondoa joto. Maji yaliyopoa yanarudi kwenye injini. Maji yakipungua, joto linabaki ndani. Kwanza gasketi inaungua. Baadaye kichwa cha injini kinapinda au kinapasuka. Hapo si tena habari ya tundu dogo. Ni habari ya kuuza ng'ombe.

Magari ya kwanza kabisa hayakuwa na kifaa kizuri namna hii. Gari la Karl Benz la mwaka 1886, huko Ujerumani, lilikuwa linachemsha maji yake hadi yaishe, na dereva alikuwa anaongeza mengine njiani. Rejeta yenye vitundu vingi kama sega la nyuki iliundwa na Mjerumani mwingine, Wilhelm Maybach, ikatumika kwenye gari la Mercedes la mwaka 1901. Ilikuwa na vijibomba zaidi ya 8,000. Mzee hakuyasema haya. Ni mimi ninayaongeza, ili ujue kwamba tatizo letu la njiani lina umri sawa na gari lenyewe.

NUSU YA NDOO

Injini ilipopoa, dereva alifunika kifuniko kwa gunia lililokunjwa, akakizungusha kidogo tu hadi kituo cha kwanza. Mvuke uliobaki ukatoka. Ndipo akakifungua chote. Maji hayakuonekana. Tulikuwa na lita 3 tu, nazo zilikuwa za kunywa.

Rejeta na injini ya gari kama lile huingia maji ya karibu nusu ndoo. Utingo na mimi tulitembea hadi mji mmoja wenye ua wa minyaa. Tulimkuta mama mwenye mji anapepeta.

"Mwadila, mayu," tukamwamkia.

"Mwadila. Karibuni." Akaangalia dumu tupu mkononi mwa utingo. "Gari lenu linakunywa kiasi gani?"

Tulimweleza. Hakujibu upesi. Ndani alikuwa na ndoo mbili, na mbali ya watoto alikuwa na ndama wa kunyweshwa. Mwishowe alitupimia nusu ya ndoo moja, kwa kata, bila kumwaga tone. Tulitaka kulipa. Alikataa fedha. Alisema, "Maji mtayarudisha."

Tuliporudi, utingo alitaka kuyamimina yote kwa haraka. Mzee alimzuia tena. Chungu kilichotoka motoni ukikitia maji baridi kinapasuka. Injini ni chuma, lakini nayo hupasuka vivyo hivyo. Subiri ipoe hadi uweze kuigusa. Kisha mimina kidogo kidogo, na huku ukimimina angalia maji yanatokea wapi.

Yalitokea mahali pawili. Pa kwanza palikuwa kwenye mpira wa juu, ule unaounganisha injini na rejeta. Mpira ulikuwa umechanika karibu na kibano chake. Pa pili palikuwa kwenye mrija mmoja wa rejeta, upande wa chini, ambapo jiwe liliwahi kupiga. Mara nyingi watu huilaumu rejeta, kumbe mbaya ni mpira au kibano kilicholegea. Anza na hivyo, maana ni rahisi.

Dawa ya mpira tuliipata kwa kijana aliyepita na baiskeli. Alikuwa na kipande cha mpira wa ndani uliokwisha. Tuliukata utepe mrefu, tukaukausha mpira wa gari, tukauviringisha utepe kwa kuuvuta kwa nguvu mara nyingi, tukaufunga kwa waya. Mama aliyetoka hospitali alikuwa na kipande cha sabuni ya mche. Mzee aliikanda hadi ikawa laini, akaisukuma kwenye tundu la mrija kwa nje. Kama tundu lingekuwa kubwa, ingebidi mrija ule ukatwe, ukunjwe ncha zote mbili na kubanwa kwa plaizi. Rejeta ya shaba ikipoteza mrija mmoja bado inafanya kazi.

Utingo alisema tuvunje mayai mawili ndani ya rejeta. Najua madereva wengi wanaamini mayai, na wengine hutia unga. Ni kweli kwamba yai linaiva kwenye maji ya moto na linaweza kuziba tundu. Lakini yai halijui lipi ni tundu na lipi ni njia ya maji. Linaziba yote. Mimi mayai nayapenda kwenye sahani.

Jambo la mwisho: dereva hakukaza kifuniko. Alikiacha kwenye kituo cha kwanza. Hivyo maji hayakubanwa sana, na mbano ukiwa mdogo, maji yanayovuja nayo ni machache. Lakini gari la namna hiyo lazima liende polepole, na lisimame mara kwa mara kuangaliwa. Tulisimama mara nne. Tuliingia Ipililo jua linazama, na mtoto alikuwa amelala.

KWA FUNDI

Kesho yake alfajiri, wakati wa baridi, dereva aliliongoza gari tupu kurudi Maswa. Nilikwenda naye, kwa sababu nilitaka kuona.

Fundi alimwaga maji, akafungua rejeta, akaitoa. Aliziba midomo yake, akaizamisha kwenye pipa la maji, akaitia upepo. Wewe mwenye baiskeli unaijua kazi hii. Mapovu yakatokea penye tundu. Yalitokea mahali patatu, maana palikuwapo mahali pengine ambapo hatukupaona.

Aliukwangua uchafu hadi shaba ikang'aa, akapaka tindikali kidogo, akapasha moto, akayeyusha lehemu juu ya tundu. Kazi hii inawezekana kwa rejeta za zamani za shaba. Rejeta nyingi za magari ya siku hizi ni za alumini, madini ya sufuria, na vichwa vyake ni vya plastiki. Hizo hazishiki lehemu ya namna hii. Zikipasuka, mara nyingi hununuliwa nyingine. Hapo gari kuukuu linalishinda gari jipya.

Kisha fundi alifungua kichwa cha juu cha rejeta, akaniita nichungulie. Midomo ya mirija ilikuwa imejaa ukoko mweupe, kama ule unaobaki kwenye birika. Ni chumvichumvi ya maji ya visima. Maji yanachemka na kupungua, chumvi inabaki. Mirija mingine ilikuwa imeziba kabisa. Alipitisha waya bapa katika kila mrija. Kwa nje napo, katikati ya vibati, palikuwa na nyuzi za pamba, makapi na mabawa ya panzi. Upepo ulikuwa haupiti. Aliyaondoa kwa maji, akimwagia kutoka upande wa feni kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia.

Fundi anashauri hivi. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati safi ni bora kwa rejeta kuliko maji ya kisima chenye chumvi. Dumu moja likiwekwa kando wakati wa masika linatosha muda mrefu. Ukiwa na uwezo, changanya na kulanti. Kulanti inazuia kutu, na inayafanya maji yachelewe kuchemka.

Lakini kulanti ni sumu. Ina ladha tamu, na kwa hiyo mtoto, mbwa au mbuzi anaweza kuinywa. Usiimwage uani. Tena, na hili naomba umsomee jirani asiyejua kusoma: dumu lililokuwa na kulanti lisitumike kamwe kuchotea maji ya kunywa, hata likioshwa mara kumi.

Siku ya tatu tulirudi kwa njia ileile. Mshale wa joto ulisimama katikati, haukupanda. Tulipofika kwenye ua wa minyaa dereva alisimamisha gari bila kuambiwa. Utingo alishusha madumu mawili ya lita 20, yaliyokuwa ya mafuta ya kula, yamejaa maji ya bomba kutoka Maswa.

Mama aliyatazama madumu, kisha akalitazama gari. "Na lenyewe halina kiu leo?"

Dereva aliinama, akapitisha kiganja chini ya rejeta, kisha akamwonyesha mkono mkavu.